Mitungi Minne Jikoni kwa Orrin

Februari 8, Jumapili

Mitungi sasa ni minne. Orrin Hauge, mume wa mdogo wangu Marlys, ametangaza hivyo leo mchana mezani, mkononi bado ana kipande cha mkate wa viazi. Oktoba ulikuwa mmoja. Novemba akaweka miwili. Sasa ng'ombe wameanza kuzaa, na majirani bonde zima wanataka maji yake ya fedha, kwa ndama wanaohara na kwa watu wanaokohoa.

Nieleze maji yenyewe, kwa kuwa nitayataja sana. Ni mtungi wa kioo wa nusu galoni, maji yaliyotoneshwa yasiyo na chumvi hata kidogo, vijiti viwili vya madini ya fedha safi, na kifaa kinachosukuma umeme wa miliampea kumi. Umeme unamega kijiti kimoja polepole. Chembe zisizoonekana zinabaki majini, na maji yanapata rangi ya chai nyepesi. Orrin anataka sehemu ishirini za fedha katika milioni. Miliampea kumi kwa saa moja humega miligramu arobaini, na miligramu arobaini katika nusu galoni ni ishirini katika milioni. Hesabu hiyo nimeipiga mwenyewe. Ni sahihi.

"Mtungi mmoja saa moja," Orrin alisema. "Miwili saa mbili. Minne saa nne. Nikiwasha baada ya chai, mchana imeiva."

"Na inatibu nini hasa?" nikamuuliza.

"Shemeji, hapa si gazetini. Kula."

Hakuna ushahidi kwamba maji haya yanatibu chochote. Nimeshawaambia mara mbili. Nikisema mara ya tatu nitarudishwa mjini, na Marlys hana mtu mwingine wa kumbebea ndoo.

Februari 10

Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Ndama mmoja jikoni mbele ya jiko, mwingine kwenye beseni la kuogea. Marlys kakohoa asubuhi yote, na maji ya Orrin anayanywa kutwa. Glasi tatu.

Februari 13

Dell Kovacich, jirani wa chini mtoni, amekuja kuchukua mitungi miwili. Alisimama mlangoni na matope yake, akasema hataingia kwa sababu Marlys ana bunduki.

"Ingia, mpumbavu wewe, unaachia joto la nyumba," Marlys akamwambia.

"Naogopa kuambukizwa kikohozi chako."

"Wewe hata kifo kinakukwepa."

Dell humpa farasi wake maji haya, na mwenyewe hunywa kinachobaki. Nikamuuliza anajuaje nguvu yake. Akanitazama kama niliyeuliza jua linachomozea wapi.

"Si kapima Orrin?"

Jibu hilo ninalipata kwa kila mtu. Orrin ndiye mgawa maji wa mfereji. Kila kiangazi kwa miaka ishirini na mbili amepita mashamba kumi na moja, amefungua na kufunga malango ya mbao, akigawa kijito kimoja kwa watu wasiopendana. Sehemu hii ya Montana watu wamepasuana vichwa kwa koleo kwa ajili ya maji, lakini hakuna aliyewahi kupinga kipimo cha Orrin.

Februari 16

Theluji. Ndama watatu wazima, mmoja kafa. Glasi tatu.

Februari 19

Marlys alikuwa anamenya viazi dirishani. Ule mwezi mweupe ulio chini ya kucha, kwake si mweupe. Ni wa kijivu, unaelekea buluu. Vidole vyote kumi.

"Baridi," alisema alipoona ninatazama.

Mikono ilikuwa kwenye maji ya moto.

Februari 20

Nimempigia Colleen Bratvold, muuguzi mkuu wa kliniki ya bondeni. Sikumtajia jina. Akalitaja yeye.

"Ni Marlys, sivyo? Nimemwona dukani. Nikasema labda taa za mle ndani."

Maelezo yake, kama nilivyoyaandika: fedha ikizidi mwilini haitoki, inatulia kwenye ngozi. Kucha hutangulia, na uso hufuata. Uso ukigeuka kijivu haurudi kuwa ulivyokuwa, hakuna dawa wala sabuni. Na fedha hiyo inaweza kuzuia baadhi ya dawa za mapafu zisifanye kazi, kwa hiyo aiache kwanza.

"Anakunywa kiasi gani?"

"Glasi kubwa tatu kwa siku. Tangu Oktoba."

"Ya nguvu gani?"

"Ishirini katika milioni, Orrin anasema."

"Kwa ishirini nisingetegemea kuona kucha zikigeuka mapema hivi. Mlete, Solveig. Na kifua chake nakitaka zaidi ya kucha."

Februari 21

Hatakwenda. Nilijua. Miaka miwili iliyopita alilazwa hospitali kubwa mjini kwa nimonia. Walimpa antibayotiki, koo likaanza kufunga. Akamwambia daktari. Daktari akasema haiwezekani, dawa hiyo anaijua. Wakampa tena. Marlys hasimulii kilichofuata. Orrin alinisimulia zizini, tukiwa tumemshika ng'ombe: aligeuka rangi, wakamtia mpira wa kupumulia kooni, na kesho yake daktari yule yule akasema yote yalikuwa yanatarajiwa.

"Sasa unataka nimrudishe kwa nguvu?" Orrin aliuliza. "Mimi ninachompa najua kina fedha kiasi gani."

Nimemwona mkaidi tangu nilipofika. Leo nimemwona mwoga, na sidhani kama anaogopa peke yake.

Februari 25

Glasi tatu. Joto la mwili 38.2. Amenikataza kupima tena.

Machi 1, Jumapili

Upepo wa joto umeshuka milimani usiku na kula theluji yote. Uwanja ni tope mpaka kifundo. Ng'ombe wanne wamezaa kabla ya chakula cha mchana, na Orrin hakuvua buti hata mara moja.

Maji ya mitungi yamekuwa meusi kuliko mwezi uliopita. Si chai nyepesi tena, ni chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Chini kuna vumbi la kijivu, naye analichuja kwa karatasi ya kahawa.

"Mbona imekolea?"

"Vijiti vipya. Fedha nzuri."

"Vya zamani vimeisha?"

"Vimekonda. Hivi ni vya tatu tangu Krismasi."

Vya tatu. Kwa hesabu aliyonipa Februari, vijiti vya kwanza vingepaswa kuwa bado vinene.

Machi 3

Sina mtu wa kumwambia wasiwasi huu. Dell atacheka. Marlys atasema nimetumwa na kliniki. Nimeanza kumpiga picha Marlys kila adhuhuri, mbele ya friji nyeupe, nikimdanganya kuwa ni za mwanangu. Picha za siku nne nimeziweka pamoja. Kwenye paji la uso, sina uhakika.

Machi 5

Sina uhakika.

Machi 6

Glasi tatu. Homa imerudi. Sina uhakika na picha, ila yeye mwenyewe leo kajipaka poda, na Marlys hajapaka poda tangu harusi ya mwanangu.

Machi 8, Jumapili

Leo naandika kirefu.

Baada ya chai nilimwomba Orrin mizani ya baruti. Kila nyumba hapa inayojaza risasi zake inayo. Inasoma kwa punje, kipimo cha baruti, na punje moja ni karibu miligramu sitini na tano. Inaona hata sehemu moja ya kumi ya punje. Nilimweleza waziwazi ninachotaka: tupime vijiti kabla ya kuwasha, tupime tena baada ya saa nne. Kilichopungua kwenye kijiti ndicho kilichoingia majini, wala si zaidi.

"Unanikagua," alisema.

"Ndiyo."

"Pima, shemeji. Pima mpaka uchoke." Alicheka, akaileta mwenyewe, akaipangusa kwa ukingo wa shati.

Miligramu arobaini ni zaidi kidogo ya nusu punje. Hicho ndicho kila kijiti kinachomegwa kilipaswa kupoteza. Orrin alisema hivyo kabla ya kuwasha, mbele ya Marlys, na mimi nikakubali. Kisha akaenda kwa ng'ombe, nami nikakaa na mitungi. Sikuondoka jikoni.

Alirudi mchana. Akazima kifaa, akavitoa vijiti vinne vinavyomegwa, akavikausha kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa kimepoteza punje mbili na nusu. Cha pili mbili na nusu. Cha tatu, mbili na nusu.

"Mizani imekufa," akasema.

Alileta jiwe dogo la shaba la kujaribia mizani. Mizani ilikuwa nzima. Akapima cha nne, akakitoa, akakirudisha. Mbili na nusu.

"Mara nne," Marlys alisema kutoka kitini. Alikuwa amejifunga blanketi. "Hata mimi hiyo naiona."

"Haiwezekani. Inaingia kumi. Mitungi iko minne. Inagawana, kila mmoja anapata mbili na nusu. Ndiyo maana nikaipa saa nne."

Hapo nikalielewa kosa, na nikaona kwa nini hakuna mtu bondeni ambaye angeligundua. Mitungi ile ameifunga mmoja nyuma ya mwingine: waya unaingia wa kwanza, unatoka kwenda wa pili, mpaka wa nne. Ni kama malango kwenye mfereji, na kwenye mfereji kila lango linachukua fungu lake, anayefuata anapata kilichobaki. Orrin ameishi ndani ya hesabu hiyo miaka ishirini na mbili.

"Haigawani," nilimwambia. "Umeme uliopita wa kwanza ndio unaopita wa pili, wote mzima. Mmoja au minne, saa moja inatosha."

"Hakuna mfereji unaofanya hivyo."

"Huu si mfereji, Orrin."

"Lango la mwisho halibaki na kitu. Kila mtu anajua. Muulize Dell, yeye ndiye wa mwisho."

"Una mita. Pima lango la mwisho."

Alichukua mita yake ya umeme. Akawasha kifaa, akaiunga mita kati ya mtungi wa tatu na wa nne. Akasoma. Akahamia kati ya wa pili na wa tatu. Kisha kati ya wa kwanza na wa pili. Kisha akarudi mwisho kabisa, pale waya unapoacha mtungi wa nne.

"Kumi," alisema. "Kumi kila mahali."

Akavuta kiti, akaketi na koti lake la zizini, kitu ambacho Marlys hakiruhusu.

Kwa hiyo mtungi mmoja wa Oktoba ulikuwa ishirini kweli. Miwili ya Novemba ilikuwa arobaini. Tangu Februari ni themanini, na mdogo wangu amekunywa glasi tatu kila siku.

Nilitegemea Marlys aogope. Alitabasamu.

"Themanini," alisema. "Basi ndiyo iliyoniweka hai."

Machi 9

Orrin amezima kifaa na kukunja nyaya. Ametoka na gari tangu asubuhi, anapita nyumba kwa nyumba kukusanya mitungi aliyogawa. Nilimwambia apige simu, ni haraka zaidi.

"Nikimzidishia mtu maji naenda mwenyewe kufunga lango," alisema. "Sipigi simu."

Ndama wa leo nimewazalisha mimi, wawili. Mikono yangu inanuka.

Machi 10

Alirudi na mitungi mitano. Alikuwa amegawa zaidi ya thelathini.

Dell ndiye alikuwa wa kwanza kumkatalia. Orrin alinisimulia mwenyewe, bila kumuigiza, maana si mtu wa kuigiza.

"Nikamwambia, Dell, imezidi mara nne, nipe. Akasema, mara nne? Na ulikuwa unatuficha siku zote, mchoyo wewe? Ndiyo maana farasi wangu anaruka! Nikamwambia ni kosa. Akasema, basi endelea kukosea."

Wawili ambao hawakuwahi kuyataka maji haya wamepiga simu jioni kuuliza kama yale makali bado yapo.

Nimeandika habari za migodi na mahakama miaka thelathini na moja, na nimeona taarifa zikisahihishwa. Hii ni ya kwanza ninayoiona ikiongeza wateja.

Machi 12

Marlys ana mitungi yake ghalani chini, nyuma ya makopo ya nyanya. Sijui ni mingapi. Ufunguo wa mlango anao yeye. Glasi tatu.

Machi 15

Glasi tatu. 38.9.

Machi 18

Orrin amejaribu kuvunja kufuli la ghala, akaacha. Akasema ni nyumba yake yeye Marlys, iliachwa na mama yetu, hawezi kuvunja mlango wake.

Machi 21

Theluji nzito tena, yenye maji. Ndama wanazaliwa wakiwa wamelowa na kuganda kabla mama hajawalamba. Tumepoteza wawili. Orrin halali, hasemi. Mezani anampakulia Marlys supu, anamkatia mkate, kisha anatazama glasi ikinywewa, na kila ikinywewa anaangalia pembeni.

Nilimchukulia kuwa ndiye tatizo la nyumba hii. Naliandika hilo nilifute: kosa ni lake, lakini hajakaa nalo hata siku moja bila kulifanyia kazi.

Machi 24

Picha ya leo na ya Machi 3. Sasa nina uhakika.

Machi 29, Jumapili

Ilitokea wakati wa kuosha vyombo. Marlys alikuwa mezani, amekohoa mpaka machozi yakamtoka. Akajimiminia glasi. Ilikuwa ya kahawia kabisa.

"Niambie basi, ninywe ngapi," alimwambia Orrin. "Kama themanini ni nyingi. Nichanganye na maji? Nusu? Robo?"

Orrin alikuwa anapangusa sufuria. "Sijui."

"Hujui nini? Robo au nusu?"

"Sijui kama kuna inayofaa. Hata ile ishirini, Marlys. Niliisoma kwa mtu aliyeisoma kwa mtu. Hesabu ya umeme nilikosea, ikasahihishwa. Hii nyingine sikuwahi kuwa nayo. Nilikuwa nakisia, naita kipimo."

"Oktoba ulisema unajua."

"Nilisema."

"Ulikuwa unaniongopea?"

"Nilikuwa nataka iwe kweli. Ulikuwa umekataa kila kitu, na ulikuwa unakunywa hiki kutoka mkononi mwangu. Sasa nakwambia sijui. Sijui na ninaogopa."

Marlys aliitazama glasi. Mimi nilibaki na kitambaa mkononi.

"Miaka thelathini na minne," alisema hatimaye. "Sijawahi kukusikia ukisema hujui kitu. Hata njia ukipotea husemi."

"Ndiyo hivyo."

"Yule daktari wa mjini naye hakusema. Koo linafunga, yeye anajua tu." Akasukuma glasi mpaka katikati ya meza. "Nipe simu. Si wewe, Solveig, wewe utahutubia. Orrin, nipe simu."

Akampigia Colleen nyumbani kwake, Jumapili, katikati ya chakula. Nilisikia upande mmoja, mwingine Colleen amenithibitishia baadaye.

"Dawa ipi itanifungia koo?" Marlys aliuliza.

"Bado sijui," Colleen alisema. "Nitaomba faili lako la hospitali kesho asubuhi nione walikupa nini. Kidonge cha kwanza utakimezea hapa kliniki, nikiwa nimekaa mbele yako, sindano ya kukufungua koo mkononi. Likianza, unaniambia, na mimi nakuamini."

"Sawa," Marlys alisema. "Ila Orrin aendeshe. Dada yangu anaendesha kama anakimbiza habari."

Machi 31, Jumanne

Kliniki. Picha ya kifua inaonyesha uambukizi kwenye pafu la kushoto, chini. Colleen amesema ni wa siku nyingi, na kwamba wiki mbili zaidi tungekuwa tunaongea hospitalini. Faili lilikuja: dawa ya miaka miwili iliyopita haikuwahi kuandikwa humo kama iliyomdhuru. Colleen ameiandika sasa kwa kalamu nyekundu, Marlys akitazama.

Kidonge kipya, cha jamii nyingine. Tulikaa. Orrin alimshika mkono muda wote, na nilimwona akihesabu pumzi zake. Koo halikufunga.

Aprili 2

Funguo za ghala ziko kwenye ndoano jikoni. Mitungi ilikuwa tisa. Orrin hakuimwaga mferejini. Amesema huko yanakwenda kwa watu. Imepelekwa kliniki ikaharibiwe ipasavyo.

Aprili 5, Jumapili

Homa hakuna kwa siku ya tatu. Anakula. Amemtukana Dell kwa simu, kwa sauti.

Colleen alipita baada ya kanisa, akamtoa Marlys barazani, kwenye mwanga wa jua. Alimwangalia paji la uso, pua, masikio, mikono. Hakuzungusha maneno. Rangi ya kijivu imeshaingia usoni na haitatoka. Akikaa mbali na jua na asipokunywa tena, huenda ikaishia hapo ilipo. Anaamini hivyo, lakini haahidi.

"Kwa hiyo hii ndiyo sura yangu," Marlys alisema.

"Ndiyo."

"Dell bado anakunywa?"

"Anakunywa," Orrin akajibu. "Na wengine sita ninaowajua."

Marlys aliingia ndani, akafungua bomba, akanawa poda yote. Akatoka akijipangusa kwa taulo.

Mkutano wa mwaka wa mfereji ni Jumamosi, Aprili 11, saa tatu asubuhi, kwenye ukumbi wa zimamoto. Mashamba yote kumi na moja lazima yawepo. Orrin ameomba jambo la kwanza liwe lake, la maji ya fedha, kabla ya mgao wa maji. Marlys atakaa kiti cha mbele, bila poda.